Hapa Hakuna Veronicah

Nyumba mpya ya Mama Joash ilikuwa na kila kitu isipokuwa njia ya kufikiwa. Ilijengwa Waithaka, chini kabisa bondeni, mahali ambapo simu ya mkono ilishika mtandao getini tu, tena mpaka usimame juu ya jiwe. Ukiingia nayo ndani inakuwa kama kipande cha sabuni: unayo, lakini haikwambii kitu.

Ndiyo maana walipoteza nafasi ya Anita. Mjukuu huyo wa miaka mitano alikuwa na mafindofindo yaliyofura, akilala anakoroma kama mzee, mara pumzi inakatika, mara inarudi. Hospitali ilipiga mara mbili wakiwa ndani wanakula. Ikawakosa, mtoto mwingine akaingizwa kupasuliwa. Sasa walikuwa wameambiwa: tutapiga Ijumaa kabla ya saa sita mchana. Tukiwakosa tena, mtangoja mwaka ujao.

Mama Joash alikuwa amekwenda ofisi ya simu Westlands akajaza fomu ya simu ya waya, ile ya kukaa mezani. Namba alipewa siku hiyo hiyo, akaipeleka hospitali. Waya, akaambiwa, fundi ataleta. Wiki tatu zikapita. Alhamisi ikafika, namba iko hospitali, simu iko juu ya kitambaa chake cha kufuma, na waya hakuna.

Asubuhi hiyo alitoka kidogo tu kununua maziwa. Aliporudi alimkuta Lornah, mke wa mwanawe na mama ya Anita, akichambua mchele mlangoni.

"Mama, kuna mtu amekuja na gari la ngazi. Amepotea, maskini. Anatafuta Veronicah."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia hapa hakuna Veronicah. Ajaribu kwa wale wa geti nyeusi."

Pakiti ya maziwa ikamteleza mkononi.

"Lornah. Veronicah ni mimi."

Lornah akashika mdomo. Miaka saba ameolewa katika familia hiyo, na huko kwao magharibi mke hamtaji mama wa mumewe kwa jina, wala hakuna anayemtajia. Kanisani ni Mama Joash, dukani ni Mama Joash. Veronicah alikuwa amelala kwenye mkoba, ndani ya kitambulisho, pamoja na karatasi za ploti. Mama Joash alitaka kukasirika akakosa pa kuanzia. Utamgombeza mtu vipi kwa kukuheshimu?

Akageuka, akapanda kilima na malapa yake, magoti yakilia. Kila geti lilikuwa jeusi. Nje ya ploti yake alikuwa ameketi jirani, mzee Mbuthia.

"Mama Joash! Mbio hizo, unafukuzwa ama unafukuza?"

"Nafukuza! Gari la ngazi!"

"Liko hapo kwa chapati. Polepole, mama, magoti hayana spea."

Fundi aliitwa Kitheka. Alikuwa na chapati mkono mmoja na simu mkono wa pili.

"Mimi ndiye Veronicah," Mama Joash akasema akihema.

"Ai, shosho! Si nimeambiwa hakuna? Nimeshaandika mteja hayupo. Hiyo ikifika ofisini unarudi nyuma ya foleni. Wiki tatu zingine."

Mama Joash akaisogelea simu ya fundi. Pumzi ya Anita haikuwa na wiki tatu.

"Imefika?"

Kitheka akaitazama simu yake, akaiinua juu, akaitikisa. "Bado inazunguka tu. Hapa kwenu mtandao ni shida."

"Basi ifute, mwanangu! Ifute kabla haijapata mtandao!"

Kitheka akacheka, akafuta. Kufikia saa tisa waya ulikuwa umeshuka kutoka nguzoni hadi mezani, na mkono wa simu ukiinuliwa unaguna.

Ijumaa Mama Joash aliketi kando ya simu tangu chai ya asubuhi. Kila baada ya dakika chache aliinua kusikia kama bado inaguna.

"Mama, ukiinua hivyo si wakipiga watapata inatumika?"

Akaiweka chini kama aliyeshika sufuria ya moto.

"Nisipokuwa karibu, uniite. Wamesema wanataka Veronicah mwenyewe, aliyeweka sahihi."

"Nitakuita, Mama. Lakini hilo jina usiniombe. Mdomo utakataa."

Saa nne. Saa tano. Saa sita kasoro robo Anita akakabwa na kikohozi huko nyuma ya nyumba. Mama Joash akaenda, akamwinamisha, akampigapiga mgongoni. Na hapo simu ikalia.

Alimbeba mtoto, lakini mbio zote zilikuwa zimeishia kilimani jana. Dirishani alisikia sauti ya Lornah.

"Haloo? ... Nani? ... Hapana, mimi si... Ngoja, usikate. Naenda kumwita."

Kisha kishindo: Lornah alitaka kutoka nayo, simu ikavutwa na waya wake, nusura ianguke. Lornah hangeweza kwenda nayo, wala hakuthubutu kuiacha.

"Mama!" aliita. Kwenye ploti ya jirani mama fulani akaitika. "Mama Joash! ... Ndiyo, dada, yuko, naapa yuko, usikate..."

Sauti ya Lornah ikapanda: "Hapana, dada, si mtu mwingine, Mama Joash ndiye huyo huyo mnayemtaka..."

"Veronicah!" Lornah akapasua sauti, akilia. "Veronicah weee! Simu!"

Tangu mama yake mzazi azikwe, hakuna aliyekuwa amemwita Mama Joash hivyo.

"Abee!" akaitika kama msichana, Anita mgongoni, na miguu ikapata mbio.