Shemasi Lyle na Kodi za Wanafunzi

Hakuna mwanamume aliyewahi kunidanganya tangu nizaliwe. Ukiwatoa waume zangu wawili, na yule daktari aliyeniuzia meno haya akaniapia yatanikaa kama niliyozaliwa nayo, basi mimi ni mtu asiyedanganyika.

Kingine ninachoweza kujivunia ni tumbo. Nilianza kusafisha vyumba vya moteli hapa Tillman Beach nikiwa msichana mdogo, nimeachia shule darasa la sita. Wageni wa kiangazi wanashuka kutoka Philadelphia na Baltimore na miavuli yao, wanakula kaa, wanakunywa bia, halafu wanatapika ndani ya beseni la kuogea na choo kiko pale pale kinawatazama. Nazoa, nasuuza, naenda chumba cha pili huku naimba. Sishtuki. Lakini Shemasi Lyle Truitt alikuwa ananigeuza tumbo kwa kushika kijiko tu.

Kila Jumatano jioni, kiangazi chote, kanisa letu linawapikia wanafunzi wa kigeni chakula cha bure. Hawa ni vijana wanaokuja mwezi wa sita kwa visa ya kubadilishana utamaduni, kutoka Moldova, Bulgaria, Uturuki, huko kote. Utamaduni wenyewe tunabadilishana hivi: wao wanatuletea elimu yao ya chuo kikuu, sisi tunawapa brashi ya choo. Lyle ndiye aliyekuwa mpakuaji. Anaonja tambi kwa kijiko kile kile cha kupakulia, anakilamba mbele, anakigeuza anakilamba nyuma, anakirudisha kwenye trei, kisha anamwekea mtoto wa watu sahani na kumwambia, "Mungu akubariki." Baada ya hapo anakupa mkono, na mkono wenyewe una majimaji kama taulo lililosahauliwa sakafuni tangu Ijumaa.

Vijana walimpenda hivyo hivyo. Walimpendea kodi.

Ukifanya kazi kwetu, serikali inakata chake kwenye mshahara kabla wewe hujauona. Mwaka ukiisha, mwajiri anakutumia karatasi ya mapato, unapeleka hesabu kwa watu wa kodi, na kama ulipata kidogo wanakurudishia sehemu ya walichokata. Sasa karatasi hiyo inatoka mwezi wa kwanza. Wanafunzi wetu mwezi wa tisa wameshapanda ndege, na akaunti zao za benki za hapa wamezifunga. Tena wana fomu yao peke yao, ya wageni. Wakijaza hii ya kwetu sisi wenyeji wameharibu kila kitu, na kila mwaka wapo wanaoijaza.

Basi Lyle, aliyewahi kuwa karani wa hesabu kwenye kiwanda cha kuku, alikuwa anasimama Jumatano ya mwisho wa msimu na leso yake shingoni. "Niachieni mimi, wanangu," anasema. "Karatasi zije kwangu, nitawajazia. Pesa ziingie kwenye akaunti yangu, nami nitawatumia huko kwenu. Sitaki malipo. Ni upendo wa Bwana tu." Watoto wanapiga makofi, wengine wanalia kabisa. Wakifika kwao wanasubiri. Wakiuliza, wanaambiwa serikali imechelewa. Wakiuliza tena, serikali imekataa. Mwisho wanachoka. Na nani atakata tiketi kutoka Moldova aje kumsumbua shemasi?

Ilinca, msichana wa Moldova, alirudi. Alikuja msimu wa pili kufanya kazi na mimi, asubuhi vyumba, jioni kukaanga viazi kule kwenye njia ya mbao ya ufukweni, hata nywele zake zilikuwa zinanuka mafuta na siki. Siku moja mwezi wa nane nikamkuta bafuni anasugua kioo ambacho kilishatakata zamani.

"Unakisafisha hicho au unakitoboa?" nikamuuliza.

"Bibi Verna, serikali yenu ni wezi."

"Hilo hata mbwa wangu analijua. Wewe wamekuibia nini?"

Akaketi ukingoni mwa beseni akaniambia. Marejesho yake ya kodi ya mwaka uliopita ndiyo yalikuwa ada yake ya mwaka wa mwisho, anasomea ufamasia. Baba yake alienda chuoni akawaambia pesa iko njiani inatoka Marekani. Wakamngoja, haikufika, wakamzuia kufanya mitihani. Mwaka mzima ukaenda bure. Sasa chuo kimesema kama hajalipa ifikapo mwezi wa kumi wanafuta jina lake moja kwa moja. Mshahara wa msimu huu ulikuwa umeliwa na tiketi, wakala wa visa, na kodi ya kitanda kwenye chumba wanacholala wasichana wanane.

"Shemasi anasema wageni wanawekwa mwisho wa foleni," akasema. "Anasema nivumilie, na mwaka huu nimwachie tena karatasi zangu."

"Umewapigia watu wa kodi wenyewe?"

"Shemasi alisema nisiwasumbue. Wanaweza kunifutia visa."

Hapo ndipo mate yalianza kunijaa mdomoni, yale ya kabla ya kutapika. Nikamshika mkono tukaenda kwenye simu ya ofisini. Tulipigiwa muziki mpaka nikasinzia. Nilipozinduka Ilinca alikuwa anaongea na mtu, anataja namba zake. Akaweka simu chini taratibu.

"Walishalipa," akasema. "Tangu mwezi wa nne. Iliingia kwenye akaunti iliyoandikwa kwenye fomu."

"Akaunti ya nani?"

"Hana ruhusa ya kunitajia. Anasema fomu ni yangu, mimi ndiye ninayepaswa kujua." Alikuwa bado ameshika kile kitambaa cha vioo. "Bibi, aliniombea safari. Aliniwekea mkono hapa." Akajifuta utosi kwa kitambaa kile, mara ya kwanza, mara ya pili, dawa ya vioo ikamchuruzika mpaka kwenye nyusi.

Jumatano ilipofika nikavaa gauni langu la mazishi tukaenda kula.

Ilinca alimngoja Lyle mbele ya foleni, mchungaji wetu Hitchens yupo, akina mama wa jikoni wapo. Akamuuliza bila kupaza sauti: "Shemasi, marejesho yangu ya kodi yaliingia kwako?"

Lyle alikuwa na tambi mdomoni. Akatafuna, akameza, akalamba kijiko. "Binti yangu, haijaingia hata senti. Mchungaji huyu hapa. Mbele yake na mbele za Bwana, hata senti moja. Hii serikali yetu inanitia aibu kwa wageni, sijui nisemeje." Akamwekea mkono begani, na nikaona bega la mtoto linakwepa lenyewe.

Mchungaji Hitchens ni mtu mzuri, na uzuri wake hauna kazi yoyote. "Ndugu Lyle ametumika hapa miaka mingi," akamwambia Ilinca. "Tuombe, mwanangu. Pesa itafika."

Ilinca akainamisha kichwa. Ushahidi hana, karatasi zote zilibaki kwa Lyle, na wiki mbili tu zimebaki apande ndege. Akina mama wa jikoni walishaanza kumtazama kama mtu aliyetemea mate kwenye chungu chao. Wao chungu chenye mate hawakukiona.

Nikajisogeza na sahani yangu. "Jamani, msigombane na shemasi," nikasema. "Kwanza tambi zake leo zimekolea."

"Asante, dada Verna."

"Tena nina habari kutoka kwa watu wa kodi. Tuliwapigia juzi."

Kijiko kikasimama hewani. "Mliwapigia?"

"Ulisema tusiwasumbue, najua, nisamehe, mimi ni mama mzee mwenye kiherehere. Basi yule mama wa kwenye simu alikuwa na wasiwasi huyo. Eti wamekosea. Marejesho ya Ilinca wameyalipa mara mbili, mwezi wa nne na tena mwezi wa tano. Jumatatu wanaivuta moja kutoka kwenye akaunti ilikoingia, na faini juu yake, kwa sababu mwenye akaunti alikaa kimya."

Ilinca akafungua mdomo. Nikamkanyaga kidole.

"Nikamwambia huyu mtoto, ashukuru Mungu," nikaendelea, najipakulia mwenyewe kwa kijiko changu nilichotoka nacho nyumbani. "Huyo atakayekatwa ni mtu mwingine huko, hatumjui. Shemasi wetu yuko salama, kwake haijaingia hata senti."

Lyle alikuwa amepauka mpaka masikio. Kipande cha tambi kilikuwa kimening'inia ndevuni, kinacheza.

"Hawawezi kufanya hivyo," akasema. "Waangalie vitabu vyao vizuri. Mara mbili wapi? Iliingia mara moja tu."