Hadithi Iliyokwenda kwa Kuku

Msimwone Sindano ameketi jikoni na kikombe kimepoa mkononi mkadhani ana kiburi. Mambo yalikuwa yamemfika shingoni. Kaka yake alikuwa chumba cha pili, amelazwa juu ya mito mitatu, amevalishwa shati lake la kola, anasubiri wageni waje kumwambia walivyokiona kitabu chake. Na aliyekiharibu kitabu chenyewe ni Sindano, dada wa tumbo moja. Mwenye kitabu hana habari.

Kaka alikuwa fundi redio. Mchana akichomelea nyaya, jioni akiandika, na wala hakuandika mambo ya mapenzi au ya wizi kama watu wengine. Yeye aliandika mambo ya miaka milioni moja ijayo, jua limezeeka, watu wanakodishiana usingizi. Ukimwuliza kwa nini aende mbali hivyo, anakujibu, "Huko hakuna wa kunibishia." Kisha kisukari kikamla macho, kikahamia kwenye figo, na sasa daktari alikuwa ameshasema, kwa ile sauti yao ya upole inayokera, kwamba mgonjwa atapumzika vizuri zaidi nyumbani. Ukiambiwa hivyo, ujue umeambiwa.

Alikuwa na tabia moja ya ajabu. Kitu akishakiandika, kinamtoka. Umwulize hadithi yake mwenyewe inaishaje, anakukodolea macho kana kwamba umemwuliza alikula nini mwaka juzi. "Ndiyo maana naandika," anasema. "Nipumzike kubeba."

Hakuwa mtu wa maneno matamu. Tangu wazazi waondoke, alimlea Sindano kwa kumfokea. Umechelewa wapi, vaa sweta, hicho ndicho chakula? Ahsante hajui kuitamka, na pole kwake ni kukohoa mara mbili. Sindano alishazoea, lakini kuzoea si kutotaka. Basi siku ile Kaka anamalizia hadithi ya mwisho, uso umegusana na karatasi kwa sababu jicho lililobaki lilikuwa linaona kidogo tu, akamwambia, "Hii ya mwisho ni yako. Imo yote niliyoshindwa kukwambia. Lakini huigusi mpaka kiwe kitabu, na usianzie mwisho kama mtu asiye na adabu."

Mtu akiambiwa hivyo na kaka wa namna ile, anasubiri hata kama roho inamtoka.

Sasa sikilizeni kazi ya Sindano, maana balaa lilitokea humo. Alikuwa mshonaji wa vitabu kwenye kiwanda kidogo cha uchapaji, na jina lenyewe la Sindano alilipata huko. Kitabu hakichapwi ukurasa mmoja mmoja. Karatasi kubwa inachapwa, inakunjwa, inakunjwa tena, inakuwa fungu la kurasa kumi na sita. Mafungu yanapangwa moja juu ya jingine, yanashonwa, yanatiwa gundi na jalada. Na ili mshonaji asichanganye, kila fungu lina alama nyeusi mgongoni, ya kila moja chini kidogo ya mwenzake. Ukiyapanga sawa, alama zinashuka kama ngazi. Mshonaji hasomi. Mshonaji anatazama ngazi. Anayesoma kazini anachelewesha wenzake, na pale kiwandani walimcheka sana msichana mmoja aliyewahi kulia juu ya meza kwa sababu ya fungu la tatu la kitabu fulani.

Wiki kilipochapwa kitabu cha Kaka, kilichapwa pia kitabu cha ufugaji wa kuku. Karatasi ile ile, ukubwa ule ule, mafungu manane kwa manane. Bosi alitaka vyote viondoke Ijumaa. Na Sindano wiki hiyo alikuwa halali, anampeleka Kaka kusafishwa damu, anamrudisha, anakimbia kazini. Akanyoosha mkono kwenye rundo lisilo lake, akachukua fungu la mwisho la kuku, akaliweka chini ya mafungu saba ya Kaka. Akatazama ngazi. Ngazi imeshuka vizuri kabisa. Akashona. Akafanya hivyo kwa nakala zote. Na mwenzake wa meza ya pili, kwa kuwa rundo lililobaki lilikuwa moja, akawapa kuku fungu la Kaka.

Kaka mwenyewe alikuwa amekataa kuwekewa orodha ya hadithi mwanzoni, ati msomaji asijue aendako. Na ile ya mwisho ilijaa fungu la nane peke yake. Basi hata cha kumshtua mtu hakikuwepo.

Sindano akasoma kwa adabu, kama alivyoagizwa, tangu ukurasa wa kwanza, kila jioni kidogo. Wiki moja kabla ya wageni akafika mwisho. Akanawa mikono, akaketi karibu na dirisha, akafungua. Akakuta maneno haya: "Vifaranga wa wiki ya kwanza wanahitaji joto kuliko chakula."

Akadhani ni mbwembwe za Kaka. Akaendelea. Alipofika kwenye chanjo ya mdondo, ule ugonjwa wa kuku, akajua si mbwembwe.

Alihangaika jamani, msiseme hakuhangaika. Alikimbilia kiwandani. Bosi akamwambia kompyuta yenye kitabu iliungua siku ule umeme ulipopanda na kushuka, na zile karatasi alizoandika Kaka kwa mkono zilishatumika kufungia vifurushi kama kawaida. "Kuna aliyelalamika?" akauliza Bosi. Hakuna. "Basi usijitie kidole machoni," akasema, akarudi kwenye simu yake.

Akatafuta kitabu cha kuku. Vyote vilikuwa vimegawiwa wafugaji kwenye semina. Alizunguka mabanda mpaka viatu vikanuka. Wengi hata hawakumbuki kama walipewa kitabu. Mwishoni akampata mama mmoja mwenye kuku wengi na maneno mengi zaidi.

"Hicho kitabu? Ninacho jalada tu," akasema yule mama. "Zile karatasi za mwisho hata hazikuwa za kuku. Wametudanganya. Nimewatandikia vifaranga."

"Uliisoma? Tafadhali, mama, uliisoma?"

"Niliisoma nimesimama. Kulikuwa na mwanamke anashona. Nikalia kidogo, nikajishangaa. Halafu nikatandika, vifaranga walikuwa wanasubiri."

"Anashona nini?"

Mama akafikiri kweli kweli, mdomo wazi, masikini hakuwa na ubaya. "Sikumbuki, mwanangu. Kitu kikubwa."

Hicho ndicho alichorudi nacho Sindano nyumbani: kitu kikubwa. Alijifungia chooni akalia, akafungulia bomba ili Kaka asisikie.

Na wageni wanakuja Jumamosi. Mkutubi wa maktaba ya mtaa alikuwa amewakusanya waliokiazima kitabu, akapata watatu, yeye mwenyewe, nesi mstaafu na kinyozi wa mtaani, na Kaka alikuwa anaishi kwa ajili ya hiyo Jumamosi. Sindano akaenda kwa mkutubi, akashindwa kusema ukweli, akasema nusu yake. "Nakuomba, msiitaje hadithi ya mwisho. Inamchoma sana mgonjwa." Mkutubi, mwanamke mpole wa miwani, akamshika mkono na kuahidi. Sindano akamwambia na nesi. Kinyozi hakupatikana, Sindano akapanga kumwambia mlangoni siku hiyo hiyo.

Basi Jumamosi mchana wakafika wawili. Kinyozi ana wateja, atachelewa. Sindano akawakaribisha viti, akasimama mlangoni mwenyewe kama askari wa zamu, aweze kumdaka.

"Haya," akasema Kaka, macho yake meupe yakitazama dari. "Msinionee huruma kwa sababu nimelala. Semeni."

Nesi ndiye aliyefungua. "Mimi nina ugomvi na wewe. Umetupeleka miaka milioni mbele, jua limechoka, watu wanaongea kwa rangi, halafu nakuta bado wanapanga foleni! Foleni, ndugu yangu?"

"Foleni haitaisha," akasema Kaka, na akacheka. Sindano alikuwa hajamsikia akicheka tangu mvua zilizopita. Alifurahi na kuogopa, vyote pamoja.

Mkutubi akasema yeye hakuielewa ile ya mji uliosahau neno la mvua, ila aliisoma mara mbili, na mara ya pili akatoka nje kutazama mawingu. Nesi akasema ile ya watu wa kukodisha usingizi ilimkumbusha wodi ya usiku, na kwamba mwandishi hajui kabisa wagonjwa wanavyokoroma. Kaka alikuwa anakunywa yale maneno. Mashavu yakapata rangi. Sindano akaanza kuamini kwamba labda Mungu atampitishia hili.

Chungu jikoni kikaanza kufurika. Akakimbia, akapunguza moto, akarudi. Hapo katikati tu kinyozi akawa ameshaingia kwa mlango wa nyuma, kama jirani, na ameshakaa kitandani miguuni pa mgonjwa.

"Fundi!" akasema kinyozi. Yeye na kunong'ona hawakuzaliwa pamoja. "Kwanza lawama. Kitabu kizima hakina nywele. Miaka milioni, nani ananyoa?"

"Nimekosa," akasema Kaka, anacheka.

"Lakini ile ya mwisho! Loo! Ile ya mwisho umetuua."

Mkutubi akakohoa. Nesi akamkanyaga mguu. Sindano akasema, "Kinyozi, njoo unisaidie jikoni." Wapi! Mtu ameshashika njia.

"Ngoja niseme. Mwanzoni nilijiuliza, kuku wa nini? Halafu ikaniingia. Ni sisi! Hao vifaranga ni sisi, wanadamu wa mwisho, na anayeandika ni hao waliotushinda, wanaelekezana jinsi ya kutulea. 'Usiwajaze wengi chumba kimoja, wataanza kudonoana.' Fundi, nilifunga duka nikakaa. Kweli si tunadonoana?"

Kaka hakusogea. Vidole vyake tu vilikuwa vinatembea juu ya shuka, polepole, kama anatafuta waya uliokatika.

"Na mshonaji?" akauliza.

"Mshonaji yupi?" akasema kinyozi.

Kaka alikuwa fundi. Ukimpa redio iliyonyamaza anajua ilipoungulia kabla hajaifungua. Na kiwandani alishafika, zamani macho yakiwa mazima, akaonyeshwa ile ngazi nyeusi na dada yake akijivuna. Sindano alimwona anaelewa. Alitamani afokewe palepale, mbele za watu, aitwe mpumbavu.

"Umeisoma vizuri, kinyozi," akasema Kaka taratibu. "Wewe ndiye umenielewa."

Kinyozi akafurahi mpaka akampigapiga mguu. Wakakaa kidogo zaidi, wakanywa chai, wakaaga. Mkutubi mlangoni akasema samahani, na hakujua hata anaombea nini.

Sindano akarudi chumbani. Akasimama.

"Ngazi ilikaa sawa?" akauliza Kaka.

"Ilikaa sawa."

Akakohoa mara mbili. Kumbe pole. Sindano akakaa sakafuni, kichwa kwenye ukingo wa godoro.

"Ungenifokea, Kaka."

"Sina pumzi."

"Niliitafuta. Wallahi nimeitafuta kila banda. Nilimpata mmoja tu aliyeisoma, mama wa kuku. Alilia kidogo."

Kaka akageuza uso upande wa sauti yake. Hapo ndipo alipoamka kabisa, kuliko hata wageni walipokuwepo. "Alilia? Alilia wapi? Sehemu gani?"

Na Sindano hakujua. Angejuaje? Alifungua mdomo atunge kitu, hata uongo mdogo wa kumpa mgonjwa, akashindwa, maana huwezi kutunga juu ya kitu usichokijua hata rangi yake. "Hakukumbuka," akasema. "Alisema kuna mwanamke anashona. Kitu kikubwa kinashonwa. Kaka, niambie wewe. Nisimulie, sasa hivi, maneno machache tu."

Kaka akakunja uso, akajaribu. Alijaribu kweli. Midomo ikatikisika, mkono ukapanda hewani kama anayeshika uzi, ukakaa huko, ukashuka.

"Najua alikuwa anashona," akasema. "Najua alikuwa wewe. Mengine niliyaweka kule, nisiyabebe tena."

Nje watoto walikuwa wanagombania mpira, na mtu alikuwa anapita akiuza ndoo. Sindano akalia bila kufungulia bomba lolote. Kaka akamwacha alie, mkono wake umefika kichwani kwake na kukaa hapo, mzito, haujui kubembeleza. Mwisho akasema, "Kalete kitabu."

"Cha nini?"

"Nisomee hiyo ya kuku. Kama wameipenda hivyo, nami niisikie."

Sindano akakileta. Alama zile nyeusi zilikuwa zimefichwa na gundi, hazionekani tena. Akafungua mwishoni, akafuta uso kwa mkono wa blauzi, akasoma. "Vifaranga wa wiki ya kwanza wanahitaji joto kuliko chakula. Weka taa karibu nao. Wakijikusanya pamoja na kulia, ujue wanasikia baridi. Mlezi asiwaache peke yao."

Akaacha kusoma, akafuta uso tena.

"Endelea," akasema Kaka, macho amefumba. "Usisome kwa kukimbia."

Akaendelea. Akasoma maji ya kunywa, akasoma maranda ya kutandika, akasoma chanjo. Kaka akavuta shuka mpaka kifuani akauliza chanjo ya pili ni lini.

"Wiki ya tatu," akasema Sindano.

"Haya," akasema Kaka. "Halafu?"