Shuti la Kumi na Tatu

Tangu Jumatano, ujumbe wa kocha ulipoingia kwenye simu, Alevtina hakutulia. Alifua nguo zilizokwisha kufuliwa. Alibandika uji akausahau mpaka ukashika sufuria. Alimbeba mtoto wake, Bilha, kifuani akaizunguka nyumba yao ya Lodwar, mlango wa mbele hadi wa nyuma, miguu ikisukuma sakafu upande upande, kulia, kushoto, kama mtu anayeteleza kwenye barafu.

Kocha Raisa, wa timu ya hoki ya barafu kule kwao Alevtina, hakuwa mtu wa salamu. Alitaka video: dakika tatu za kukimbia kwa viatu vya magurudumu, kisha mashuti ishirini, bila kukatwa hata sekunde. Ifike kabla ya Jumamosi jioni. Isipofika, nafasi ya mlinzi inakwenda kwa msichana wa miaka kumi na tisa.

Alevtina alikuwa na thelathini na mmoja. Hoki aliianza akiwa na sita, kwenye mto ulioganda nyuma ya nyumba ya bibi yake kule Urali, akiwafukuza kaka zake na kile kisahani cheusi cha mpira mgumu. Alipofika kumi na saba klabu ikamsajili. Misimu kumi na miwili, meno mawili ya bandia, bega lililoshonwa, timu ya taifa mara mbili. Kisha akampenda Odongo, Mkenya aliyekuja kusomea uhandisi wa maji. Wakaoana, mimba ikaingia, mkataba ukaisha kimya kimya. Kaunti ilipomwajiri Odongo, wakahamia Lodwar. Huku hakuna aliyelijua jina lililoandikwa mgongoni mwa jezi yake. Sokoni alikuwa Mama Bilha, basi.

"Wakikuita utaenda?" Odongo alimwuliza Jumamosi asubuhi, garini. Yeye alikuwa anakwenda Kakuma kukagua visima.

"Nitaenda."

"Na Bilha?"

"Tutaenda naye."

"Sasa ukiwa uwanjani atashikwa na nani, Mama Bilha? Refa?" Odongo akacheka peke yake.

"Ana baba," Alevtina alisema.

Odongo akashughulika na gia, ingawa barabara ilikuwa imenyooka.

Kakuma, ndani ya kambi ya wakimbizi, kulikuwa na uwanja wa mpira wa kikapu wenye sakafu ya saruji, laini kuliko sakafu yoyote ya Lodwar. Kando yake Abuk, mama wa watoto watatu kutoka Sudan Kusini, aliuza barafu na juisi kutoka kwenye friza ya sola. Alevtina alikuwa akija hapo kila Jumamosi.

"Ejok, Mama Bilha!" Abuk alimsalimu kwa lugha ya wenyeji.

"Ejok-noi. Abuk, niwekee hivi ndani." Akampa visahani vitano.

Abuk alivigeuza mkononi. "Hii ni chakula ama ni spea ya gari?"

"Lazima viwe baridi. Vikiwa na joto vinaruka."

Ndivyo alivyofundishwa tangu utotoni: kabla ya mechi, visahani vinagandishwa ili vilale kwenye barafu na kuteleza. Hakuwahi kuuliza ingekuwaje pasipokuwa na barafu.

Alijua baada ya saa mbili. Alivitoa vikiwa na baridi ya kuuma vidole, akavipanga kwenye saruji. Kabla hajafunga kamba za viatu, vilikuwa vimetoa jasho. Vumbi likavivaa. Akapiga cha kwanza; kikajiburuta hatua tatu, kikalala.

"Hata mandazi yangu ya jana inateleza kushinda hiyo," Abuk alisema.

Alevtina hakucheka. Saa nane ilikuwa imepita. Alipiga cha pili, cha tatu. Akalitupa gongo lake la hoki chini, akaliokota, akaanza kuzunguka uwanja mbio bila kujua anakwenda wapi.

"Wewe, simama! Unanizungusha kichwa," Abuk aliita. "Wale Wasomali wa sokoni, wakicheza ule mchezo wa kusukuma vidude kwa ubao, hawaweki kwa friza. Wanamwaga poda. Poda si uko nayo ya mtoto?"

Alevtina akasimama. "Saruji itaimeza."

Abuk alitazama juu. Kivuli cha kibanda chake kilikuwa bango la plastiki la kampeni za zamani, mgombea akitabasamu meno yote. Akapanda kwenye kreti, akaanza kulifungua.

"Abuk, friza yako! Jua!"

"Jua nalijua. Fanya haraka."

Wakalitandaza bango mgombea akiangalia chini, wakavikausha visahani kwa nepi safi, wakamwaga poda. Kisahani kikapita juu yake kama kimeitwa. Madebe mawili yakawa goli. Simu ikaegemezwa kwenye kreti, Bilha akawekwa mkekani pembeni ya Abuk.

Dakika tatu za mbio zilikwenda vizuri. Shuti la kwanza, ndani. La tano, ndani, akaviokota, akarudi. Mwili ulikuwa unakumbuka. Kwenye la kumi na mbili Bilha akaanza kulia.

Si kile kilio cha uchovu. Kilikuwa cha njaa, na maziwa yalikisikia kabla yake. Jezi ikalowa kifuani. Shuti la kumi na tatu likagonga debe, likapotelea vichakani.

"Nizime simu?" Abuk aliuliza. "Tuanze upya?"

Betri ilikuwa imebaki kidogo, na friza isiyo na kivuli ilikuwa inanguruma kama mgonjwa. Na bila kukatwa ni bila kukatwa.

"Usizime!"

Akaja mpaka kwenye mkeka na magurudumu yake, akambeba mtoto, akapandisha jezi kwa ubavu. Alinyonyesha amesimama, gongo kwapani, akiitazama kamera bila kupepesa. Dakika sita. Kisha akamrudisha Bilha kwa Abuk, akapiga mashuti saba yaliyobaki. Yote ndani. Akaituma video nzima, ilivyo.

Odongo aliporudi kutoka visimani, Alevtina alikuwa juu ya kreti akisaidia kulifunga bango, mkono mmoja kwenye kamba na mwingine kwenye simu. Jibu likaingia. Alilisoma kwa Kirusi, akawatafsiria.

"'La kumi na tatu ni bovu. La kumi na nne ni zuri kuliko yote. Njoo kambi ya timu tarehe tano Agosti, ujaribiwe mwezi mmoja, siahidi zaidi. Mazoezini mtoto atashikwa na nani? Nijibu leo.'"

Alevtina akamtazama mumewe. Abuk naye akamgeukia Odongo, Bilha begani, poda mpaka kwenye nyusi.

"Baba Bilha," Abuk alisema, "mama mwenye timu anauliza swali."

Odongo alikuna shingo. Akafuta miwani, akaivaa, akaifuta tena.

"Likizo yangu ya mwaka," alisema hatimaye, "sijaigusa. Ni siku thelathini." Akamchukua mtoto. "Lakini kule kuna baridi, Mama Bilha. Nitavaa makoti mawili."

Alevtina aliandika jibu akiwa bado juu ya kreti, na miguu yake ilikuwa inasukuma tena, kulia, kushoto, mpaka Abuk akalishika kreti kwa mikono miwili lisianguke.