Herufi Tatu za Mwandishi

Saa mbili na nusu asubuhi, Jumatatu, Bi Riyama alipofungua mlango wa maktaba ndogo ya Mkunazini, Mzee Ubwa Makungu alikuwa keshakaa karibu na dirisha, kofia ya viua kichwani, kitabu mapajani. Alizikwa Jambiani kabla kijiji hakijapata umeme. Bi Riyama alimpa shikamoo, akaitikiwa marahaba, akawasha feni.

Hakuwa marehemu wa kwanza kuja. Maktaba ilikuwa imeletewa programu mpya ya kompyuta, na programu ilitaka kila mwandishi atangulizwe kwa jina la ukoo. Unguja watu wengi hawana jina la ukoo. Mtu ana jina lake, la baba yake na la babu yake. Kompyuta ilichukua la mwisho. Kwa hiyo vitabu vya wajukuu viliingia katika katalogi kwa majina ya mababu, na mababu walipopata habari walikuja kuviona.

Bi Riyama alijua kwamba kanuni za kimataifa haziagizi hivyo. Zinataka jina lifuate desturi ya nchi ya mwandishi, ili msomaji akipate kitabu kwa jina analolijua. Alikwishawaandikia wenye programu. Walimjibu kwamba nafasi ya jina la ukoo haiwezi kuachwa wazi.

Hata hivyo maktaba haikuwa imepata kuchangamka namna ile. Wazee waliamkiana kutoka rafu hadi rafu, wakatafuta majina yao, wakacheka mpaka wakakohoa. Wasiojua kusoma walisomewa na wenzao, kwa masimango kidogo.

"Ubwa, weye a-be-che huijui," Mzee Matar alimchokoza kutoka upande wa historia. "Kitabu umekiandika lini?"

"Baada ya kufa. Nnayo nafasi."

Kitabu kilihusu kilimo cha mwani. Aliyekiandika ni mjukuu wake, Mwanapili Kheir Ubwa, ambaye babu huyo huyo alimtoa shule darasa la nne akamsaidie mama yake kufunga mwani kambani. Kuandika vizuri alijifunza ukubwani, katika darasa la jioni, vidole vimechubuka kwa chumvi.

Mwanapili alifika kabla ya adhuhuri. Kitabu chake kingezinduliwa hapo maktabani Alhamisi, naye alitaka jambo moja tu: mtu akimtafuta Mwanapili, ampate Mwanapili.

"Bi Riyama, nnaandika jina langu kwenye kompyuta, nnaletewa babu."

"Yule pale," alisema Bi Riyama.

Mwanapili aligeuka. "Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Kitabu chetu kizuri. Kina picha."

"Chetu? Na shule ulinitoa?"

"Nlikutoa," alisema mzee. "Mikono ilikuwa haitoshi."

"Yangu ilikuwa midogo, babu."

Mzee Ubwa akamwambia Bi Riyama apige simu kwa wenye programu, awaambie kwamba yeye hakuandika hata nukta na nafasi ile anaiacha. Bi Riyama alipiga. Kijana aliyepokea alikuwa na adabu. Alisema ombi la marehemu halipokelewi, na hata kama lingepokelewa, nafasi bado isingeweza kuachwa wazi.

"Basi njoo ukae hapa," Mwanapili alimwambia babu yake, akamvutia kiti cha upande wa watoto. Akafungua kitabu chake, akaanza kumfundisha kuandika, kwanza herufi ya M. Mzee aliandika ulimi nje, magoti yamefika kidevuni. Mzee Matar alisogea kumcheka, akabaki kujifunza.

Alhamisi baada ya Alasiri mababu walijaza viti vyote, na walio hai wakasimama nyuma. Kahawa na kashata vilipita. Wazee waliinusa kahawa tu, wakaisifu. Mwanapili alisoma sura ya ugonjwa wa mwani, na wakulima wenzake kutoka Jambiani wakapiga vigelegele kana kwamba ni harusi.

Ndipo Mzee Ubwa alipoomba penseli. Mgongoni mwa kitabu palikuwa na kibandiko, juu yake namba ya somo na chini herufi tatu za jina la mwandishi: UBW. Alizikata kwa mstari mmoja, akaandika nyingine pembeni, polepole.

"Dabliu umeipindua, babu," alisema Mwanapili.

Mzee alifuta, akaandika tena. MWA. Vigelegele vilisikika mpaka Darajani.

Bi Riyama alijua kwamba kibandiko kisicholingana na katalogi ni kosa. Alikwenda kwenye kompyuta, akajaribu mara nyingine kulitanguliza jina la Mwanapili. Kompyuta ilikataa. Mwandishi alibaki: Ubwa, Mwanapili Kheir. Akakata kipande cha selotepu, akakibandika juu ya zile herufi za penseli zisifutike, akakiweka kitabu rafuni, mahali pa MWA.

Mzee Ubwa alikuwa wa kwanza kwenda kukitafuta. Alikipata mwenyewe.