Mawe Meupe ya Bondeni

Nchi ya Bondeni ilikuwa na utaratibu mzuri sana, hasa ukiutazama kutoka juu. Mfalme Kiboko alitawala akiwa dimbwini. Waziri wake wa Maendeleo, Korongo, alikuwa na miguu mirefu na hotuba ndefu zaidi. Mkuu wa Sherehe alikuwa Bata. Raia waliobaki, yaani panya, nungunungu, kobe na fuko, waliishi chini, wengi mashimoni.

Masika yaliyopita mto ulifurika, na Bi Fuko akapoteza watoto wawili. Wamebaki watatu. Mfalme alisikitika hadharani, akaamuru tuta lijengwe kando ya mto ndani ya siku tisini, kabla mvua hazijarudi.

Korongo akaandaa ratiba. Ilikuwa na mawe tisa yaliyopakwa chokaa, kila moja na maandishi yake, kuanzia *Tuta Limeanza* hadi *Tuta Limekamilika*. Kila jiwe lilipewa siku kumi. Raia wakagawiwa majukumu: kuchonga mawe, kupaka chokaa, kufagia njia ya wageni na kupiga makofi.

Siku ya sitini, baraza zima lilikusanyika mtoni kusimika jiwe la sita, *Tuta Limefika Theluthi Mbili*. Ngoma ilikuwa imekolea Bi Fuko alipotokea, akipapasa ardhi. Aligusa jiwe la tano, akapapasa nyasi, nyasi, nyasi tena, akafika la sita.

"Bi Fuko, umeangusha nini?" Bata akamcheka.

"Natafuta tuta, Mheshimiwa. Macho yangu hafifu."

"Si hilo umelishika!"

"Hili ni jiwe. Tuta ni udongo."

Korongo akakohoa. "Mama, ratiba inaonyesha wazi kwamba tumefika theluthi mbili."

"Nani alichimba?"

"Kamati."

"Nani alishindilia udongo?"

"Hayo ni mambo madogo madogo, mama. Hatukuyatengea siku."

 Bi Fuko hakuzoea kusema mbele ya wakubwa, lakini aliendelea. "Kufika theluthi mbili si kazi, Mheshimiwa. Kufika hakuchukui hata siku moja. Ni habari tu kwamba kazi fulani zimeisha. Ninyi habari mmeipa siku kumi na ngoma, kazi mkaiacha bila siku na bila mwenyewe."

"Bi Fuko," Mfalme akaunguruma kwa upole, "kwani huoni tulikotoka?"

"Sioni kabisa, Mfalme wangu."

Baraza likaangua kicheko. Panya wachache hawakucheka.

"Na mvua ikija?" akauliza Bi Fuko.

"Ikija tutaikaribisha," alisema Mfalme, maji yakiwa shingoni mwake.

Hapo ndipo Bi Fuko alipoelewa. Mmoja alikuwa wa majini, mwingine anaelea, mwingine anaruka. Katika baraza lote hakuna aliyekuwa na shimo.

Kesho yake aliwaita majirani. Hakuhutubia. Panya wachimbe, siku ishirini. Nungunungu wabebe, waanze siku ya tatu, udongo ukishapatikana. Kobe washindilie nyuma yao, kipande kwa kipande. Yeye alipita kila jioni akikanyaga na kubonyeza. Mguu ukizama, alisema, "Bado." Usipozama, alisema, "Hapa pameisha," na kila mtu alijua kwamba kweli pameisha.

Wiki ya mwisho udongo mzuri ukawaishia kwenye kona ya mto, penye mkondo mkali. Wakatazamana. Kisha kobe mmoja mzee akageuka, akayatazama mawe meupe.

Siku ya tisini wingu lilikuwa jeusi. Mfalme alikuja na baraza lake kuzindua. Alilikuta tuta, fupi kuliko la kwenye hotuba, limekaza kama kisigino.

"Jiwe la tisa liko wapi?" Korongo alifoka. "Mawe yangu yote yako wapi?"

"Yamo ndani," alisema Bi Fuko. "Pale konani."

"Yachimbueni! Mfalme atazindua nini?"

Tone la kwanza likaanguka, kisha la pili. Panya, nungunungu na kobe wakapanda juu ya tuta, wakasimama bega kwa bega kati ya baraza na kona ile.

Bata, kwa mazoea, akaanza kupiga makofi. Akapiga peke yake, mara tatu, kisha akaacha.