Rangi ya Kahawa

Verna alipotazama chini chooni, moyo ulimlipuka paa. Mkojo wake ulikuwa mweusi kama kahawa iliyolala.

Jana, Jumamosi, yeye na mumewe Orrin walimaliza mbio za marathoni Kansas, wakaendesha gari hadi Oklahoma kukimbia nyingine leo. Wazimu mtupu, lakini ndio uliowafikisha majimbo arobaini na tisa kati ya hamsini ya Marekani, marathoni moja kila jimbo. Na kila mwenye wazimu huo anaijua rangi ile: misuli imechanika, figo zinazidiwa. Ukikimbia tena, unaweza usirudi. Naye jana alikuwa amebugia vidonge vinne vya maumivu ili asichechemee mbele ya mumewe.

"Mama we, umeolewa humo chooni?" Orrin aliita kutoka nje. "Zimebaki dakika ishirini!"

"Nakuja! Hata kujisaidia nihesabiwe?"

Binti zao walikuwa wanangoja kwenye utepe wa mwisho na keki yenye namba hamsini. Anyamaze? Alijiona amelala kwenye lami, namba ya mbio kifuani, watu wakimruka.

Alitoka. Orrin alikuwa ameketi kwenye nyasi, viatu havijafungwa kamba.

"Orrin, mkojo wangu ni kama kahawa."

Alingoja afokewe. Orrin aliinamisha kichwa, midomo ikimcheza.

"Na wangu," alisema. "Usiku kucha nimemwomba Mungu wewe uwe wa kwanza kukataa kukimbia."