Vyura wa Nyuma ya Nyumba

Ruqayya alipougua malaria mara ya pili ndani ya miezi mitatu, baba yake, Mubarak, aliamua kwamba kidimbwi kilicho nyuma ya nyumba kifukiwe. Aliagiza malori mawili ya kifusi yaje Jumamosi. Nyumba yenyewe ilikuwa ya mama yake Mubarak, Hajati Mahfudha, chini kidogo ya soko la Nateete, mahali ambapo kinamasi cha zamani kilibanwa na majengo mpaka kikabaki kidimbwi kimoja chenye mafunjo upande mmoja.

Barnabé, mpangaji wa chumba cha nyuma, alisikia habari hiyo Jumatatu jioni kupitia dirisha. Alikuwa amefundisha biolojia Uvira, Kongo, kwa miaka kumi na minne kabla vita havijamleta Kampala. Sasa alitengeneza simu kwenye kibanda cha sokoni. Kila asubuhi kabla ya kazi alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, kando ya maji, akiandika alichokiona. Katika miaka miwili alikuwa ameandika aina saba za vyura. Hajati alidhani anawaandikia barua watu wa kwao.

Alikuwa mpangaji, tena mkimbizi, na kumpinga mwenye nyumba kungeweza kumkosesha chumba. Lakini Jumanne asubuhi alibisha hodi.

"Hajati, naomba dakika chache kule nyuma."

"Choo kimeziba tena?"

"Hapana. Nataka tutazame mbu wanatoka wapi."

Hajati alivaa buti za mpira za marehemu mumewe akamfuata. Barnabé alikuwa na upawa na bakuli jeupe. Alichota maji mara kumi ukingoni mwa kidimbwi, akawa anayamimina bakulini kidogo kidogo. Walikuwemo viluwiluwi vya vyura, wadudu weusi waogeleao, na watoto wa kereng'ende wenye miguu mirefu. Mabuu ya mbu yalikuwa manne.

"Kwa hiyo wamo," Hajati alisema.

"Wamo. Siwezi kukudanganya."

Kisha alimpeleka mbele ya nyumba. Malori ya jirani aliyekuwa akijenga yalikuwa yamechimba mashimo kwa magurudumu, chini kabisa ya dirisha la Ruqayya, na mvua ilikuwa imeyajaza. Barnabé alichota tena mara kumi. Walipofika mabuu sitini waliacha kuhesabu.

"Hawa wanaolala bapa juu ya maji ndio wa malaria," alisema. "Wanapenda maji kama haya, yenye jua. Hapa hakuna wa kuwala. Kule nyuma wengi huliwa na wale wadudu kabla hawajaota mabawa. Ukikifukia kidimbwi, utawaua hao pamoja na vyura ninaowaandika kila asubuhi."

Hajati alilitazama lile bakuli, kisha akamtazama yeye. "Haya mashimo yana muda gani?"

"Tangu mvua zianze."

"Na wewe unapita hapa kila siku. Mtoto ameumwa mara mbili, Mwalimu. Kwa nini hukusema?"

Barnabé alitaka kusema kwamba yeye ni mpangaji tu, lakini aliona jibu hilo halitoshi. Ukweli ni kwamba hakuwahi kuyachungulia. Alikuwa akiyaruka akiwahi kwenda nyuma.

"Sikuangalia," alisema. "Nisamehe."

Hajati alimwaga lile bakuli kwenye saruji kavu, akasema, "Haya, nionyeshe hao vyura."

Walirudi nyuma, na Barnabé akamwonyesha, kwenye nyasi za ukingoni, jani lililokunjwa katikati, kingo zake zimegandishwa pamoja. Alilifungua kidogo kwa kucha. Ndani mlikuwa na mayai meupe kama chembe za sago.

"Nani amelikunja?"

"Chura. Anayeweza kukaa juu ya ukucha wako."

Jumamosi malori yalipofika, Hajati alikuwa amesimama barazani. Alimwambia mwanawe kwamba kifusi kinakwenda mbele.

"Mama, tumwamini huyu fundi wa simu?"

"Nimeona kwa macho yangu. Na nyumba hii ni yangu, Mubarak."

Lori la kwanza lilijaza mashimo. La pili, ambalo dereva wake alikuwa ameambiwa mapema na Mubarak amwage kidimbwini, lilikuwa limeshazunguka nyuma. Kelele za kumzuia zilipomfikia dereva, theluthi ya kidimbwi ilikuwa imekwisha, pamoja na ule ukingo wa nyasi zenye mayai. Barnabé aliingia majini na suruali yake ya kazini, akaokoa alichoweza kwa beseni. Mubarak alimtazama kwa muda, kisha naye akavua viatu.

Miezi mitano imepita na Ruqayya hajaugua tena. Pia analala ndani ya chandarua kipya, kwa hiyo Barnabé hasemi kwamba ni kwa sababu ya mashimo. Aina mbili za vyura hazijaonekana tangu siku ile.

Hajati sasa ana kiti chake cha plastiki pale nyuma. Wiki iliyopita yangeyange alishuka kwenye mafunjo, akadonoa mara moja, akaruka na chura mdomoni. Hajati aliinuka kumfukuza.

"Mwache, Hajati," Barnabé alisema. "Naye anakula."

"Ale wale wakubwa, hawa wadogo awaache," alisema Hajati, na akaendelea kusimama mpaka ndege alipopotea upande wa sokoni.